Leicestershire, Wight au Nidderdale: mzunguko upi wa kutembea Uingereza?

Dada yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, nilimtandazia ramani mezani nikamwonyesha njia niliyopanga tuitembee. Akaifuata kwa kidole, kijiji kwa kijiji, mpaka kidole kikarudi pale kilipoanzia. "Yaani mdogo wangu, tutembee siku tano ili turudi hapahapa?" Nikamwambia ndiyo, dada, na hiyo ndiyo faida yake.

Njia ya mzunguko inakupunguzia mengi. Gari unaliegesha mahali pamoja na unalikuta palepale. Tiketi ya treni unakata ya kwenda na kurudi. Nguo safi na viatu vya kurudia nyumbani unaviacha kwenye nyumba ya wageni ulipolala usiku wa kwanza, unaingia njiani na begi jepesi. Ukitembea njia kama Cotswold Way, kilomita 164 kutoka Chipping Campden hadi Bath, siku unayomaliza umechoka, miguu inawaka, na gari lako bado liko mwanzo wa safari.

Mizunguko iko mingi. England na Wales zina njia za umma za kupita kwa miguu na kwa farasi zipatazo kilomita 225,000, nyingi zikikatiza katikati ya mashamba ya watu, na vyama vya watembeaji vimeziunganisha kila namna. Hapa nalinganisha mitatu niliyoitembea kwa miguu yangu: Leicestershire Round, njia ya pwani ya kisiwa cha Wight kusini mwa England, na Nidderdale Way kule Yorkshire, kaskazini. Nitagusa na mingine mitatu mbele, maana watu huniulizia sana.

Swali la kuanza nalo

Wengi huuliza kwanza ipi ina mandhari nzuri. Zote ni nzuri. Jiulize maswali mawili kabla ya hilo: usiku utalala wapi, na ukiumia au ukichoka katikati utatokea wapi? Mzunguko ni kama nyumba. Kuna wenye milango kila upande, na kuna wenye mlango mmoja tu, ukishaingia unalazimika kwenda mpaka mwisho au kurudi ulikotoka. Mtu asiyefikiria milango ndiye unayemkuta saa moja jioni kwenye barabara ya kijijini anatafuta mtandao wa simu.

Jibu lako ndilo litakalokwambia kama unatembea kwa mkupuo mmoja, siku mfululizo, ukilala njiani, au kwa vipande, Jumapili hii kidogo na Jumapili ijayo kidogo. Wenzetu wengi wanafanya kazi za zamu, viwandani, hospitalini, kwenye maghala. Kwa mtu wa zamu, siku tano za mfululizo ni sehemu kubwa ya likizo yake ya mwaka. Huyo simshauri aanze na mzunguko unaodai mkupuo.

Leicestershire Round: wa vipande

Huu ni mzunguko wa nyumbani kwangu, Leicester, nilipoishi miaka tisa sasa. Ni maili 100, yaani kama kilomita 160, unauzunguka mkoa mzima bila kuingia mjini. Ulibuniwa na chama cha njia za miguu cha hapa, kilichoanzishwa mwaka 1887, ili kuadhimisha miaka yake 100. Mimi niliumaliza kwa Jumapili na Jumamosi kumi na moja, kuanzia Machi hadi Novemba.

Milima hakuna ya kukutisha. Burrough Hill, ngome ya watu wa Enzi ya Chuma, haifiki hata mita 220 kutoka usawa wa bahari, ila ukisimama juu unaona mashamba mpaka macho yachoke. Njia inapita Hallaton, inapita Foxton penye malango kumi ya kupandishia mashua kwenye mfereji, inapita High Cross zinapokutana barabara mbili za Warumi, Watling Street na Fosse Way. Kisha unafika uwanja wa vita wa Bosworth. Hapo tarehe 22 Agosti 1485 mfalme Richard wa Tatu aliuawa vitani. Mifupa yake ilipatikana mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari katikati ya Leicester, akazikwa upya katika kanisa kuu la mji Machi 2015. Nikiwa napita pale peke yangu asubuhi ya baridi, nikijua kaburi lake liko dakika ishirini tu kutoka ninapopanda basi la kwenda kazini, nilijisikia mwenyeji wa mkoa huu kuliko siku niliyopewa karatasi za ukaazi.

Nikupe na la Foxton. Kabla ya kwenda Wight nilimpeleka dada huko akajaribu viatu vyake. Tulikaa kwenye nyasi kuangalia mashua ikipanda, maana malango yale yanaiinua mita 23 kwa ngazi za maji, na kazi nzima inachukua dakika 45 au zaidi. Tulikuwa tunabishana kwa sauti kuhusu nani amebeba chumvi ya mayai. Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na fimbo akasimama mbele yetu: "Habari zenu? Watu wa wapi?" Dada akaruka na shikamoo yake. "Marahaba, marahaba." Kumbe alizaliwa Kampala, akaja hapa kijana mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza. Leicester ina wengi kama yeye, na wengine waliohama Kenya miaka michache kabla. Mzee akatuonyesha kwa fimbo: "Shamba lile la juu msikatize katikati leo. Shikeni ukingo. Pale kati tope linameza kiatu." Alisema kweli, tuliona kiatu cha mtoto kimebaki pale kimesimama chenyewe.

Tope ndilo adui wa mzunguko huu. Udongo wa huku ni mfinyanzi. Kuanzia Oktoba hadi Machi unashika soli, hatua ya pili unaongezeka, ya tatu unaongezeka, mpaka unahisi umefungiwa tofali kila mguu. Unasimama langoni unaukwangua kwa kijiti, hatua ishirini mbele umerudi vilevile. Kilomita 15 za tope hili zinachosha kuliko 20 za ardhi kavu. Ndiyo maana nakushauri sehemu za mashamba uzitembee kati ya Mei na Septemba, na sehemu ya Bradgate Park, yenye mawe na paa wanaozurura, uiweke akiba ya majira ya baridi.

Milango yake je? Upande wa magharibi na kaskazini mabasi yapo. Upande wa mashariki vijiji ni vizuri sana ila basi ni la kubahatisha, na Jumapili vingi havina kabisa. Jumamosi moja nilimaliza kipande changu jioni kwenye kijiji cha huko, basi la mwisho halikutokea. Ratiba iliyobandikwa kituoni ilikuwa ya msimu uliopita. Nilitembea kilomita sita kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, tochi mkononi, magari yakinipita karibu mno. Tangu siku hiyo upande wa mashariki naanza na basi na kumalizia kwenye gari. Naegesha ninapotaka kumaliza, napanda basi la asubuhi hadi ninapotaka kuanza, kisha natembea kulifuata gari langu. Hapo basi likikosa kuja, nitakuwa nimekosa tu kuanza, si kurudi nyumbani.

Kisiwa cha Wight: wa mkupuo, na wa familia

Kama hujawahi kutembea siku mfululizo maishani mwako, anza na huu. Nasema hivyo bila kusita.

Njia ya pwani inazunguka kisiwa chote, kama kilomita 110, na siku tano zinatosha kwa mtu wa kawaida. Sisi tulitoka London kwa treni hadi Portsmouth Harbour, boti iko palepale kando ya kituo, na muda mfupi tukawa kwenye gati la Ryde. Gati hilo lilifunguliwa mwaka 1814 na lina zaidi ya nusu kilomita, kwa sababu maji yakipwa, ufukwe ule unabaki mchanga mtupu mpaka mbali. Dada alicheka: "Kumbe na hawa wanajua kupwa na kujaa." Nenda bila gari. Kuvusha gari ni ghali, na kisiwani hulihitaji.

Ukianzia Ryde, zunguka kuelekea Cowes, yaani kinyume cha saa. Sababu ni mbili. Upande wa kaskazini ndio hafifu: njia inaiacha bahari mara kwa mara, inapita barabarani, inazunguka shamba la jumba la Osborne la Malkia Victoria, inazunguka hori la Newtown. Hiyo uimalize ukiwa na nguvu mpya na matarajio madogo. Ya pili ni upepo. Kwa kawaida unatoka kusini-magharibi, na ukitembea pwani ya kusini kutoka Needles kwenda Ventnor unakusukuma mgongoni. Tulipishana na wazee wawili waliokuwa wakija upande wetu, vichwa vimeinama, kofia wamezishika kwa mikono. Walituinulia kidole gumba tu, kuongea hawakuweza.

Pale Cowes unavuka mto Medina kwa pantoni linalojivuta kwa minyororo iliyolala chini ya maji. Dada aliingia, akasikia minyororo inavyoguruma, akasema: "Hili Pangani kabisa, kasoro wauza korosho." Kutoka hapo hadi Yarmouth ni siku ya kawaida. Siku inayofuata ndiyo iliyotuleta kisiwani: Alum Bay yenye kuta za mchanga wa rangi, mahali Marconi alipofanyia majaribio ya redio mwaka 1897, kisha mawe meupe ya Needles yaliyosimama baharini, kisha Tennyson Down, mgongo wa nyasi fupi wenye urefu wa mita 147 juu ya bahari, chokaa nyeupe ikikatika ghafla upande wako wa kulia. Usisogelee ukingo kupiga picha. Chokaa ile inamomonyoka, na unaposimama juu huwezi kuona kama chini yako kuna mwamba au hewa.

Kumomonyoka huko ndiko tatizo la kweli la mzunguko huu. Pwani ya kusini inateleza baharini miaka yote, na njia huhamishwa ndani kila mara. Desemba 2023 ardhi iliporomoka Bonchurch, karibu na Ventnor, njia zikafungwa. Kwa hiyo ramani uliyonunua miaka mitano iliyopita isikupe kiburi. Angalia matangazo ya baraza la kisiwa wiki ile unayoondoka, na ukikuta ubao wa kufungwa njia, utii.

Kwa milango, huu hauna mpinzani kati ya mitatu. Siku ya nne goti la dada lilianza kumsumbua pale Chale. Hatukuwa na mjadala mrefu: alipanda basi hadi Ventnor, mimi nikaendelea kwa miguu, na saa tisa na nusu alasiri nikamkuta kwenye benchi linaloangalia bahari, viatu amevua, kikombe cha chai mkononi, anazungumza na mama mmoja mwenye mbwa kana kwamba wamefahamiana miaka. Kesho yake goti limetulia akaendelea. Hata siku ya mwisho, kutoka Shanklin unaweza kupanda treni ndogo ikakurudisha Ryde. Serikali iliweka kikomo cha nauli ya basi England cha pauni 2 mwaka 2023, kikapanda kuwa pauni 3 Januari 2025. Hata hivyo ni nafuu kuliko teksi yoyote.

Usiende Agosti. Vyumba vimejaa, bei zimepanda. Mwishoni mwa Mei au wiki za mwanzo za Septemba panafaa zaidi.

Nidderdale Way: wa mkupuo, kwa aliyekwisha kuzoea

Ndiyo mfupi kuliko yote, maili 53, kilomita 85 hivi, na ndio mgumu kuliko yote. Unaanza na kuishia Pateley Bridge, mji mdogo wa mawe wenye duka la peremende ambalo limekuwepo tangu mwaka 1827. Basi kutoka Harrogate linakufikisha. Kupanda juu ya bonde kutoka hapo, mabasi ya kawaida ya kila siku hayaendi. Umeona sasa mlango ulipo.

Bonde lenyewe lina kimya ambacho sijakipata kwingine. Unafuata mto Nidd kwenda juu, unapita bwawa la Gouthwaite lenye ndege wengi, unapita Lofthouse na Middlesmoor, kijiji kilichokaa juu ya kilima kama kiota, mpaka unafika bwawa la Scar House, lililokamilika mwaka 1936 kupeleka maji Bradford. Wafanyakazi waliolijenga waliishi hapohapo na familia zao, kwenye kijiji kilichokuwa na maduka, hospitali na ukumbi wa sinema. Leo imebaki misingi kwenye nyasi na kondoo wamelala juu yake. Nilikaa pale kula mkate wangu nikiwaza watoto waliokulia kwenye upepo ule. Ukiteremka upande wa chini kuna Brimham Rocks, miamba iliyochongwa na hali ya hewa mpaka mwingine unasimama juu ya kitako chembamba hata unaogopa kukohoa karibu yake.

Kuta za mawe ndizo zilizonifundisha kufunga begi upya. Yorkshire mashamba hugawanywa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mahali njia inapopita wameacha uwazi mwembamba kati ya nguzo mbili za mawe. Mtu anapita, kondoo hapiti. Mtu mwenye begi kubwa naye hapiti. Siku ya kwanza nilikuwa nimening'iniza sufuria na ndala ubavuni, na kila ukuta nilivua begi, nikaliinua juu, nikapita upande, nikalivaa tena. Nilihesabu mara kumi na tisa. Usiku ule niliingiza kila kitu ndani na sufuria nikaiacha kwa mwenye nyumba.

Ukungu ndio wa kuogopa. Niliufuata mzunguko huu mwanzoni mwa Oktoba na mfanyakazi mwenzangu kutoka Bukavu. Juu ya Scar House ukungu ulishuka kwa muda wa kumaliza kunywa chai. Nilikuwa namwona yeye, simwoni kondoo aliyekuwa akikohoa nyuma yake. Simu ilionyesha tulipo lakini chaji ilikuwa asilimia 11, baridi inaila. Tulisimama, tukatoa ramani ya karatasi na dira, tukashika ukuta wa mawe uliochorwa kwenye ramani, mkono wangu ukiugusa kweli, tukaufuata mpaka tukasikia maji. Yeye alikuwa akiimba polepole njia nzima. Mtu asiyejua kusoma ramani asipande huko peke yake, na asipande Oktoba.

Mzunguko huu una siri moja nzuri. Bonde ni jembamba, kwa hiyo njia inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, na ikishuka inapita karibu na Pateley Bridge tena. Unaweza kuugawa: siku mbili za bonde la juu, unarudi kulala Pateley Bridge, kisha siku mbili au tatu za bonde la chini hadi Ripley na kurudi. Ukiona hali ya hewa ya juu ni mbaya, anza na chini. Vitanda ni vichache, hasa Lofthouse, shika chumba miezi miwili kabla.

Na neno kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula ng'ombe: Yorkshire maduka mengi ya samaki na chipsi hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Ndiyo mila yao. Uliza kabla ya kuagiza, hawakasiriki. Mwenzangu alikula maharage na mkate siku mbili, siku ya tatu nikapika ugali kwenye jiko la nyumba ya wageni, unga tulikuwa tumebeba kilo moja.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| | Leicestershire Round | Pwani ya Wight | Nidderdale Way |
|---|---|---|---|
| Urefu | km 160 | km 110 | km 85 |
| Muda | siku 8 hadi 11, kwa vipande | siku 5 mfululizo | siku 4 au 5 mfululizo |
| Kinachochosha | tope | upepo, kupanda na kushuka | milima, ukungu |
| Kutokea njiani | magharibi rahisi, mashariki kugumu | rahisi karibu kote | kugumu bonde la juu |
| Wakati mzuri | Mei hadi Septemba | mwisho wa Mei, mwanzo wa Septemba | Juni hadi Agosti |
| Ramani (namba za Explorer za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza) | karatasi kadhaa | moja, OL29 | 298 inashika sehemu kubwa |

Mingine mitatu watu wanayoulizia

Capital Ring unaizunguka London kwa kilomita 126, vipande 15, na kila kimoja kinaanza na kuisha karibu na usafiri wa umma. Mashamba hakuna, ila bustani, misitu midogo, na handaki la miguu la Woolwich chini ya Thames, lililofunguliwa mwaka 1912. Ukiishi London, fanya vipande vitatu vya hapo ujue mwili wako kabla hujalipia chumba popote.

Dartmoor Way, kilomita 174 kule Devon, huvutia wanaopenda kulala kwenye hema, kwa sababu Dartmoor ndiko pekee England watu wana haki ya kupiga kambi porini bila kumwomba mwenye ardhi. Mahakama ya juu iliithibitisha haki hiyo Mei 2025. Lakini soma vizuri: haki hiyo iko kwenye maeneo maalumu ya nyika ya katikati, nao mzunguko huu unapita zaidi pembezoni, mji hadi mji. Hema lako litabaki begini siku nyingi. Kwingineko England, bila ruhusa ya mwenye ardhi, kambi ya porini hairuhusiwi.

Peak District Boundary Walk una kilomita 306, vipande 20, kuanzia Buxton. Huo ni wa mtu aliyemaliza mmoja wa hii mitatu na akajikuta analala akiota njia.

Kupanga siku zako

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa hesabu ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Siku ya kilomita 20 yenye mita 600 za kupanda ni saa tano. Hizo ni saa za kutembea tu, bila chai, bila picha, bila swala, bila kumsubiri mwenzako afunge kamba. Mimi naongeza nusu yake, na sijawahi kujuta.

Kisha piga hesabu ya mwanga, maana sisi tuliokulia kwenye jua la saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili tunasahau. London mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu na ushei usiku. Katikati ya Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri. Siku ya kilomita 20 iliyokuwa ya raha Juni, Desemba inaishia gizani.

Njiani fuata mishale: njano ni ya waenda kwa miguu, bluu ni ya miguu, baiskeli na farasi. Mkulima akiilima njia inayokatiza shamba anatakiwa kisheria airudishe ndani ya siku 14, kwa hiyo ukikuta mstari uliokanyagwa katikati ya ngano, pita bila woga, ni haki yako. Ng'ombe wenye ndama wape nafasi kubwa, zunguka hata ikibidi kutoka nje ya njia kidogo. Jioni kagua miguu na nyuma ya magoti kama kuna kupe. Majani marefu yaliyopo kando ya vijito usiyashike kwa mkono mtupu, yanawasha kama upupu.

Na salimia watu. London huwezi kumwamkia mtu usiyemjua, njiani huku ndiyo desturi, kila mnayepishana naye. Nilipoanza nilikuwa na wasiwasi nitatazamwa vipi, Mwafrika peke yangu kwenye kijiji cha watu mia mbili. Kuna baa moja waliponyamaza nilipoingia, siwezi kusema haikutokea. Lakini mama mwenye nyumba kule Lofthouse alikausha soksi zetu juu ya jiko lake bila kuombwa, na asubuhi akazikunja.

Kama una wiki moja na hujawahi, nenda Wight. Kama huna wiki ila una Jumapili, na unaishi Leicester, Coventry, Nottingham au Northampton, chukua Leicestershire Round kidogo kidogo. Kama umefanya mmoja wa hiyo na unajua kushika dira, Nidderdale inakusubiri.

Dada anarudi Juni, na amechagua Nidderdale mwenyewe. Vyumba vya Lofthouse na Ripley nimeshalipia. Nimemwambia kila alfajiri atembee kutoka nyumbani mpaka Raskazone, azunguke ufukweni arudi, begi mgongoni na chupa nne za maji za lita moja na nusu ndani yake. Jana kanitumia ujumbe wa sauti anahema: "Mdogo wangu, leo nimebeba tano."